Uchambuzi wa kisa: Malkia aliyehesabiwa kabla ya kutoka

Usuli

Mchezaji wa poka ninayemzungumzia hapa hesabu anaijua, na ndiyo maana nimekichagua kisa chake. Angekuwa mtu wa kufuata kila dau kwa hisia, pasingekuwa na la kujifunza. Yeye hukaa mezani na daftari dogo, kila uamuzi mgumu huuandikia mstari mmoja, na mchezo ukiisha huupitia. Safari hii alinitumia picha ya ukurasa mzima na swali moja: "Kaka, nimekosea wapi? Hesabu si ilikuwa sawa?"

Nitamwita Mchezaji, na aliyekuwa naye katika mkono huo nitamwita Mpinzani. Majina, mahali walipochezea na kiasi halisi cha fedha nimeviondoa. Madau nimeyageuza kuwa chipu za hesabu nyepesi, ila uwiano wake sikuugusa, kwa sababu katika kisa hiki uwiano ndio kila kitu.

Walikuwa wanacheza poka ya Texas Hold'em: kila mtu ana karata mbili za siri, na karata tano za wazi zinatoka mezani kwa wote, kwanza tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Madau hayakuwa na kikomo. Meza ilikuwa ya watu tisa, madau ya lazima ni 1 na 2, na wahusika wetu wawili kila mmoja alianza na chipu 200.

Jambo moja niliweke wazi mapema, maana litarudi tena na tena. Mtu akikuwekea dau, unanunua kitu kwa bei, na bei yenyewe ni rahisi kuipata: chukua chipu unazotakiwa kutoa, gawanya kwa fungu, yaani chipu zote zilizowekwa katikati ya meza, litakavyokuwa ukishazitoa. Fungu lina 35, mwenzako kaweka 35, nawe ukifuata unaweka 35. Fungu linakuwa 105, na 35 kwa 105 ni theluthi moja. Ukishinda zaidi ya mara moja katika tatu, umenunua kwa faida. Ukishinda chini ya hapo, unanunua kwa hasara hata siku unayoondoka na fungu. Mwaka 1654 Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliandikiana barua kuhusu namna ya kugawana dau la mchezo uliokatizwa kabla ya kwisha, na swali lao ni hilihili: mtu ambaye mchezo wake haujaisha, fungu lililoko mezani ni lake kwa kiasi gani?

Mkono ulivyokwenda

Mpinzani, aliyekaa katika viti vya mwanzo kuongea, alifungua kwa 6. Wengine wakatupa karata zao na kujitoa hadi kwa Mchezaji, aliyekuwa kiti cha mgawaji, yaani wa mwisho kuongea raundi zote zinazofuata. Alikuwa na malkia na jeki, wote wa kopa. Akafuata. Waliobaki wakatupa. Fungu: 15.

Karata tatu za wazi zilikuwa kumi ya kopa, nane ya maua na nne ya kopa. Mpinzani akaweka 10, Mchezaji akafuata. Fungu: 35.

Karata ya nne ilikuwa mbili ya shupaza. Mpinzani akaweka 35, sawa na fungu zima. Mchezaji alitumia karibu muda wake wote wa kufikiri, kisha akafuata. Fungu: 105.

Karata ya tano ilikuwa malkia wa uru. Mpinzani akaweka 70. Mchezaji alifuata papo hapo, hakutumia hata sekunde tatu.

Mpinzani akafunua wafalme wawili, wa shupaza na wa uru.

Maamuzi na sababu alizoziandika

Uamuzi wa kwanza hauhitaji maneno mengi. Karata mbili kubwa za kopa, kiti kizuri, mtu mmoja tu wa kukabiliana naye, chipu nyingi nyuma: kufuata 6 ni jambo la kawaida, na sina neno nalo.

Kwenye karata tatu za wazi aliandika: "10 kwa 35 = 28.6. Nina zaidi." Ni kweli. Kopa 9 zimebaki za kumkamilishia kopa tano, na tisa 3 zisizo za kopa zinamkamilishia mfululizo wa nane hadi malkia. Hizo ni karata 12. Kati ya karata 47 asizoziona, 12 ni asilimia 25.5 kwa karata moja tu inayofuata, na kuna mbili zinazokuja. Ukijumlisha kwamba yeye ndiye anayeongea mwisho, bei ilikuwa nzuri.

Mstari wa karata ya nne ndio nataka usomwe kama ulivyo daftarini:

"9 + 3 + 3 + 3 = 18. Mara 2 = 36. Natakiwa 33. Fuata."

Kopa tisa, tisa tatu, malkia watatu, majeki watatu. Kuzidisha kwa mbili ni njia ya mkato wanayoitumia wachezaji wengi: ikibaki karata moja, kila karata ya kukuokoa ina thamani ya asilimia mbili hivi. Zikibaki mbili, unazidisha kwa nne. Njia hiyo si mbaya. Kwa karata 18 kati ya 46 jibu halisi ni asilimia 39.1, kwa hiyo mkato ulimpunja kidogo. Bei ilikuwa asilimia 33.3. Kwa alichokiandika, alikuwa na ziada ya kutosha, na ningekuwa mwalimu wa darasa la hesabu ningempa vema.

Kwenye karata ya tano hakuandika hesabu yoyote. Aliandika neno moja: "Imetoka."

Matokeo

Alipoteza chipu 121 kati ya 200: 6, 10, 35 na 70. Zaidi ya nusu ya hasara hiyo iliingia katika uamuzi wa mwisho, ule ambao haukuandikiwa hesabu.

Nisisitize kwamba kupoteza peke yake hakuthibitishi kosa. Laiti Mpinzani angefunua kopa mbili zilizokosa, Mchezaji angeondoka na fungu la 245 na ukurasa ule usingenifikia kamwe, ilhali makosa yangekuwa yaleyale.

Uchambuzi: karata 18 zilitoka wapi?

Tulikaa na deki halisi ya karata 52. Tukaweka wazi zile nne za mezani na mbili zake, tukabaki na 46. Nikamwomba atenge pembeni zile 18 zake za wokovu. Akazitenga haraka, kwa kujiamini. Kisha nikampa wafalme wawili wa Mpinzani awaweke mbele yangu, tukaanza kupitia moja moja: hii ikitoka, nani anachukua fungu?

Ya kwanza aliyoigeuza ilikuwa malkia wa shupaza. Akaitazama, akawatazama wafalme, akanyamaza. Akairudisha kwenye rundo la zilizobaki. Malkia wa pili akamrudisha. Wa tatu hivyohivyo. Jeki wa kwanza akamrudisha bila kumtazama vizuri.

Karata sita kati ya 18 hazikuwa zake. Zilikuwa zinauboresha mkono wake, ndiyo, kutoka mikono mitupu hadi jozi. Lakini mtu aliyefungua kutoka viti vya mwanzo, akaweka dau kwenye karata tatu, kisha akaweka fungu zima kwenye ya nne, mara nyingi ana kitu kinachoipita jozi ya malkia. Karata ya kukuokoa ni ile inayokupa fungu dhidi ya alichonacho mwenzako. Hesabu ya nafasi inaanzia kwenye mkono wa mwenzako, halafu ndiyo inarudi kwenye wako. Yeye aliianza na kuimaliza kwenye wake.

Basi tukaandika upya, safari hii kwa kuuliza Mpinzani anaweza kuwa na nini pale kwenye karata ya nne. Kila jozi ina michanganyiko 6 katika deki nzima, na hupungua kadiri karata zake zinavyoonekana kwingine. Esi wawili: 6. Wafalme wawili: 6. Malkia wawili: 3, kwa sababu mmoja yuko mkononi mwa Mchezaji. Majeki wawili: 3, kwa sababu hiyohiyo. Hiyo ni michanganyiko 18 ya jozi kubwa kuliko chochote kilichoko mezani. Kisha walio na tatu za namna moja: kumi mbili mkononi, 3; nane mbili, 3; nne mbili, 3. Jumla 9. Kisha kopa mbili zinazotafuta kopa ya tano, zikiongozwa na esi wa kopa, tukakubaliana zihesabiwe 5.

Dhidi ya jozi kubwa, karata zake safi ni kama 12: kopa 9 na tisa 3. Majeki wawili peke yao ndio wanaompa malkia kama wokovu wa kweli, na esi au mfalme wa kopa akiwa mkononi kwa Mpinzani kopa moja inapungua, kwa hiyo mambo yanakaribia kusawazishana.

Dhidi ya tatu za namna moja kuna mtego ambao watu wengi hawauoni. Tuseme Mpinzani ana kumi tatu. Ikitoka nane ya kopa au mbili ya kopa, Mchezaji anapata kopa tano na moyo unaruka, lakini meza imepata jozi, na Mpinzani ana fulu hausi (tatu za namna moja pamoja na jozi) inayoshinda kopa tano zote za kawaida. Karata hizo mbili ni mbaya kuliko karata tupu, kwa sababu tupu unatupa na kuondoka, ila hizi zinakufanya uweke chipu zaidi. Karata safi ni 10.

Dhidi ya kopa kubwa kuliko zake mambo yanapinduka kabisa. Kila kopa inayotoka inampa Mpinzani kopa tano zenye esi. Kinachobaki ni malkia 3, majeki 3 na tisa 3 zisizo za kopa: 9. Hapa wale malkia tuliowatupa wanarudi kuwa na kazi, na kopa ndizo zinazokuwa sumu. Niliona uso wake ulivyobadilika hapa kuliko mahali pengine popote, maana aligundua kwamba hapakuwa na mkono hata mmoja wa maana ambao ungemfanya azipate zote 18. Orodha yake ilichukua kilicho bora kutoka kila kundi na kukijumlisha kana kwamba Mpinzani ana mikono yote mitatu kwa wakati mmoja. Mikono inayompa 18 ipo, mfano esi na mfalme wasio wa kopa, lakini wangapi wanaweka fungu zima na esi na mfalme walioambulia patupu mara mbili?

Ukizipima kwa uzito wa michanganyiko, 12 mara 18, 10 mara 9, 9 mara 5, kisha ukagawanya kwa 32, unapata karibu karata 11. Tukishamkadiria Mpinzani karata zake mbili zinabaki 44, na 11 kwa 44 ni robo kamili. Bei ilikuwa theluthi. Alidhani ana ziada, kumbe ana upungufu.

Je, kufuata kwenye karata ya nne kulikuwa kosa?

Hapa nitatofautiana na wanaopenda majibu ya mkato. Kwa robo ya nafasi na bei ya theluthi, kufuata hakujilipi kwenyewe. Lakini fungu la sasa si yote unayoweza kushinda: kila mmoja alikuwa na chipu 149 nyuma. Ukipiga hesabu, ili afikie mahali pa kutopata wala kupoteza, ilimbidi kila anapopata karata yake achume wastani wa chipu 35 zaidi kwenye raundi ya mwisho. Katika fungu la 105, chipu 35 si ndoto.

Tatizo ni nani atazilipa na kwa karata ipi. Ikitoka tisa isiyo ya kopa, mfululizo wake umejificha, na mtu mwenye wafalme wawili atalipa vizuri. Ikitoka kopa ya tatu mezani, hata asiye mzoefu anaiona, mkono unasita. Na karata zake nyingi ni za kopa, zile zinazoonekana. Halafu kuna nane na mbili za kopa, ambazo siku ya kumi tatu zinamgharimu yeye. Kwa hiyo ninauweka uamuzi huu kwenye ukingo. Ningetupa, lakini sitamlaumu anayefuata akiwa na mpango: kopa au tisa, nacheza, malkia au jeki, nikiwekewa dau kubwa naondoka.

Mchezaji hakuwa na mpango huo, na asingeweza kuwa nao, kwa sababu kwenye daftari lake malkia alikuwa ameshaandikwa upande wa ushindi.

Uchambuzi: zile sekunde tatu

Kwangu mimi kisa chote kiko hapa. Nilipomuuliza kwa nini hakupiga hesabu kwenye karata ya tano, alijibu: "Kaka, malkia si nilimhesabu?"

Hesabu aliyoifanya raundi moja nyuma aliifanya ahadi. Malkia alipotoka, hakumwona kama habari mpya inayohitaji kupimwa, alimwona kama deni lililolipwa. Wakati swali la karata ya tano ni tofauti kabisa na la karata ya nne. Hakuna tena kinachosubiriwa kutoka. Hakuna karata za wokovu. Kilichobaki ni kimoja: kati ya mikono yote ambayo Mpinzani angewekea 70 hapa, mingapi naishinda?

Bei: 70 kwa 245, asilimia 28.6, yaani mbili katika saba.

Mikono inayomshinda: esi wawili 6, wafalme wawili 6, kumi 3, nane 3, nne 3, na malkia wawili 1 tu kwa kuwa mmoja yuko mezani na mwingine mkononi mwake. Jumla 22. Hapo sijawaweka wenye jeki na tisa, ambao malkia huyuhuyu wa uru amewakamilishia mfululizo wa nane hadi malkia. Kwa mtu aliyefungua viti vya mwanzo ni wachache, lakini inatosha kuonyesha kwamba karata aliyoiita wokovu ilikuwa inawafungulia mlango na wengine.

Ili 22 isimfilisi, anahitaji angalau michanganyiko 9 ya Mpinzani anayezuga. Itoke wapi? Waliozuga hapa ni wale waliokuwa wakitafuta kopa wakazikosa, na hapa ndipo karata zake mwenyewe zinamponza. Malkia wa kopa yuko kwake. Jeki wa kopa yuko kwake. Kwa hiyo esi na malkia wa kopa hawawezi kuwa kwa Mpinzani, wala esi na jeki, wala mfalme na malkia, wala mfalme na jeki. Mikono minne ambayo mtu wa viti vya mwanzo huifungua kwa kawaida kabisa, na ambayo ingekosa na kuzuga, yeye ameishika funguo. Tulihangaika kuitafuta mingine tukafika 5 kwa taabu.

Tano katika 27 ni asilimia 18.5. Kwa wastani, kufuata pale kunapoteza chipu 24 na nusu hivi kila mara. Linganisha na karata ya nne, ambako hata ukikataa chipu zote za baadaye hasara ya wastani ni kama 9. Kosa dogo lilipewa muda mrefu wa kufikiri, kubwa likapewa sekunde tatu.

Kilichofanya kazi

Daftari. Bila ule mstari wa "9 + 3 + 3 + 3" tungebaki kubishana kuhusu bahati. Bei zake zote mbili alizozikokotoa zilikuwa sahihi, na uamuzi kwenye karata tatu za wazi ningeurudia kama ulivyo. Pia hakupandisha dau kwenye karata ya tano akidhani malkia wake ndiye mkubwa, jambo ambalo lingemchukulia zile 79 zilizobaki.

Tulichobaki tukibishania

Yeye anaona kwamba kwenye karata ya nne hakupaswa kufuata wala kutupa, bali kusukuma chipu zote 184, Mpinzani atupe au atazame karata ya mwisho akiwa na hofu. Tulipiga hesabu pamoja. Mpinzani akitupa, Mchezaji anachukua 70. Akifuata, fungu linakuwa 403, robo yake ni karibu 101, na ukitoa 184 alizoweka anapoteza wastani wa 83. Ili mambo yalingane, Mpinzani inambidi atupe zaidi ya mara 54 katika 100. Mimi nasema mtu mwenye wafalme wawili na karata nne za mezani zisizomtisha hatupi hivyo. Yeye anasema Mpinzani yule anatupa, amecheza naye sana. Nimemwomba anionyeshe kwenye daftari mikono mitatu tu ambapo alitupa jozi kubwa kwa shinikizo kama hilo. Anaitafuta, na safu mpya aliyoianza upande wa kulia wa kila ukurasa, yenye kichwa "yeye ana nini?", imeshajaa kurasa nne.